Kifungo cha Mwisho

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, mtu asiye na masihara. Tangu siku hiyo hashoni tena.

Alikuwa akishona na dada yake katika kichumba kisicho na dirisha. Dada ndiye aliyetia vifungo, na uzi hakuukata kwa mkasi hata siku moja. Aliukata kwa meno, kat! Fundi alimgombeza wee, akachoka mwenyewe. Siku moja dada alilalamika kuwa kifua kinambana, akaomba apelekwe hospitali.

"Malizia kwanza vifungo vya hilo koti, dada," fundi alimjibu bila hata kuinua macho.

Dada alikata roho koti likiwa mapajani, kifungo kimoja tu kimebaki.

Baada ya mazishi fundi alilitundika koti ukutani, akafunga kichumba kwa kufuli. Nyumbani alikaa peke yake, kijiti kikivunjika nje anaruka, hadi majirani wakasema amerukwa na akili.

Mwenye koti naye alichoka kusubiri. "Nipe hivyo hivyo, nitatia kifungo mwenyewe."

Basi mchana mmoja fundi akaenda kulichukua. Alipoingia tu, umeme ukakatika, giza likawa totoro. Akawa anapapasa ukuta, na pale penye kiti cha dada yake akasikia: kat!

"Dada," alisema, "basi. Pumzika."

Akalinyakua koti, akatoka mbio hadi juani.

Kifungo cha mwisho kilikuwa kimetiwa, na ncha ya uzi ilikuwa bado imelowa mate.