Nilimfungia Mama Nje ya Nyumba Niliyomjengea

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaoa, na ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu hapa Ufukoni, mjini Mtwara. Chumba kimoja kina kitanda cha mninga, godoro jipya na mkeka wa kusalia. Hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Kila asubuhi napita mbele ya mlango wake nimegeuza uso... Naandika haya kwa uchungu, huenda yakamsaidia mwingine.

Baba alifariki nikiwa mdogo mno, hata sura yake siikumbuki. Mama alinilea peke yake kule Ziwani, kwa mihogo na mikorosho yake. Watu walipomwambia kwamba kijana mkubwa kama mimi angemsaidia shambani, aliwajibu kuwa shamba ni lake yeye, kazi yangu mimi ni shule. Nikasoma mpaka chuo kikuu. Nani mwingine pale kwetu alikuwa na mama wa namna hiyo?

Lakini elimu haikuniondolea tabia yangu moja. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungika. Nikitia barua posta, narudi nyumbani nikijiuliza kama nilibandika stempu. Wenzangu chuoni walinicheka sana kwa hilo. Laiti ningecheka nao, nikaacha!

Nilipopangiwa kazi katika ofisi moja ya serikali hapa Mtwara nilifurahi kuwa karibu na mama. Wakati huo watu walikuwa wakihamia katika vijiji vya ujamaa. Mama naye aliiacha nyumba yake katikati ya mikorosho, akapewa kiwanja kando ya barabara. Alikwenda bila kinyongo, akisema huko watapata bomba na zahanati. Ila kibanda chake kipya kilikuwa hakijaezekwa upande mmoja, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Nikamwahidi, "Mama, masika hayatakukuta hapa. Nakujengea chumba chako mjini." Aliniombea dua mpaka machozi yakanitoka.

Nyumba ikaisha kabla ya mvua. Ningeweza kwenda kumchukua siku ileile. Kwa nini sikwenda?

Ni kwa sababu wiki hiyohiyo wezi waliingia kwa mfanyakazi mwenzetu anayekaa Mtawanya. Walichukua redio, mashuka, saa ya ukutani... walibeba hata sufuria ya wali ikiwa na wali wake! Ofisini watu walicheka habari ya wali. Mimi sikucheka. Niliwaza: je, mama akiwa peke yake ndani, mimi niko kazini, wakaja? Nikaamua kwamba sitamleta mpaka nyumba iwe salama.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Fundi mmoja wa magari aliniambia anaweza kunifungia kengele ya umeme kwa betri ya gari na nyaya madirishani, mtu akigusa tu inalia. Nikaipenda. Kisha nikawaza: betri ikiisha nguvu mimi niko safarini? Nikaghairi. Nikafikiria mlinzi wa kuajiri, nikajiuliza na yeye atalindwa na nani. Basi nikatia nondo madirishani. Nikazungusha ukuta na kupanga vipande vya chupa juu yake. Nikafunga kamba yenye makopo matupu ya maziwa, ili mwizi akijikwaa yalie. Nikatoboa tundu mlangoni na kutia kioo cha kurunzi mbovu, nipate kumwona anayebisha kabla hajaniona.

Hata baraza nililikataa. Fundi mwashi alitaka kulijenga mbele, na paa lake dogo, kama nyumba zote za mtaa huu. Mimi nikasema watu wakikaa barazani watajua nilicho nacho ndani. Nilikuwa na nini? Redio moja na vitabu!

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita siku moja, akasimama akiutazama ukuta.

"Ndugu, hii ni nyumba au mahabusu?" akauliza kwa sauti. "Na mfungwa mwenyewe yuko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikaingia ndani na kuwaza: kwa nini anataka kujua nani yumo?

Jirani yangu ni mama mmoja mjane, Bi Somoe. Nilipohamia aliniletea mkate wa kumimina, akaniambia jambo ambalo katika mtaa wetu halihitaji hata kusemwa. "Ufunguo wako utauacha kwangu ukienda kazini, mwanangu. Mgeni wako akija apate maji, asisimame juani kama muuza samaki." Ndivyo wanavyoishi hapa. Ukirudi unakuta ndugu yako amekwisha oga na kula.

Nilimjibu nitafikiria. Na kweli nilifikiria! Bi Somoe ana watoto wa kiume, watoto wana marafiki, na marafiki siwajui... Mwisho nikamwambia kwa adabu kwamba ufunguo nitatembea nao mwenyewe. Nikamwomba pia asipite tena kwenye lango langu, kwa sababu nitaleta mbwa.

Alijifunga kanga yake upya. "Haya, Bwana Afisa. Nimesikia." Tangu hapo akaacha kuniita mwanangu.

Mbwa nilipewa na Anthony, tunayekaa naye meza moja ofisini. Kwao Newala wanafuga mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu. "Mchukue huyu uache habari za betri," alisema. "Huyu ndiye kengele, na macho anayo." Tukamwita Afande. Nilijua sisi Waislamu hatukai na mbwa ndani ya nyumba. Lakini nilikwisha sikia kwamba mbwa wa kulinda shamba au mifugo anaruhusiwa, nikajiambia nyumba nayo ni kama shamba. Msomi hakosi hoja ya kujidanganyia!

Mama alipokuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza, Afande alimrukia kwa furaha na kumlamba kanga. Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa lango. Alikitazama chumba chake akiwa uani, kwa kupitia dirishani.

"Nyumba nzuri, mwanangu. Kitanda kizuri. Lakini udhu nitachukulia wapi, na huyu amelala penye mtungi? Nitasalia wapi mimi?"

Nilimwambia nitamfunga kamba. Akaniuliza ni nani atakayemfunga na kumfungua nikiwa kazini, naye mwenyewe anamwogopa. Nikasema nitafikiria. Alicheka kidogo, akanishika shavu kama zamani. "Wewe na kufikiria kwako! Haya, fikiria. Mimi nipo." Jioni hiyo akarudi kijijini kwa lori la korosho.

Nikafikiria. Nikimtoa mbwa, wezi je? Nikimwacha, mama je? Asubuhi naamua hili, mchana naligeuza. Mvua za masika zikaanza, mimi bado nafikiria...

Siku ile mvua ilishuka kabla ya adhuhuri. Ofisini tulikuwa na mkutano uliozaa mkutano mwingine. Niliwaza madirisha yangu kama nimeyafunga. Sikumwaza mama.

Niliporudi baada ya alasiri nilikuta kitu kama fungu la nguo chini ya lango langu. Alikuwa mama! Ameketi kwenye tope, amejikunja, kanga zimemganda mwilini, anatetemeka. Hapakuwa na baraza la kujikinga. Hapakuwa na ufunguo kwa jirani. Ndani, Afande alikuwa akibweka mpaka sauti imemkauka.

"Mama! Umekaa hapa tangu lini?"

"Si sana," alisema, na meno yanagongana. "Kwa jirani sikwenda, nilichelea utarudi unikose. Nilipiga hodi. Kila nikipiga hodi, mwenzangu ananijibu." Alikuwa anatania! Hata wakati ule alikuwa anatania, ili nisiogope.

Nilimbeba. Mwili ulikuwa wa moto. Homa alikuja nayo kutoka kijijini, paa lile lilikuwa limevuja siku nyingi. Mkononi alishikilia kitambaa kilichofungwa fundo, kinachuruzika maji mekundu. Nilimuuliza ni nini.

"Udongo. Udongo safi wa kule kwetu kwenye mikorosho. Mwalimu wa madrasa kaniambia mbwa akikulamba, osha mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Nikasema basi, mbona rahisi? Nimekuja kukaa, mwanangu. Hutapata shida ya kuchagua."

Wasomaji wenzangu... mama yangu aliamua kwa siku moja jambo ambalo mimi nililizungusha kichwani msimu mzima! Na yeye ndiye aliyekubali kubeba taabu yote.

Watu walitusaidia kumfikisha hospitali. Manesi walijitahidi, sina la kuwalaumu. Mapafu yalikuwa yamekwisha jaa. Mara ya mwisho kusema nami aliniuliza kama Afande amepewa chakula. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa uongo, nilikuwa nimemsahau kabisa. Alfajiri akafariki.

Tulimzika Ziwani. Bi Somoe alikuja, akawa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Baada ya matanga nilikwenda kwake nikapiga magoti. Nilitaka anitukane. Yeye alikuwa analia.

"Nilimsikia mbwa," alisema. "Mchana kutwa nilimsikia. Nikajiambia ni mbwa wake tu, anafanya kazi yake. Ningechungulia tu, mwanangu! Lakini ulinikataza lango lako."

Kengele yangu ililia, wasomaji! Ililia mchana kutwa, na mtaa mzima ukaisikia. Ni nani angekuja, ikiwa mimi mwenyewe niliwafukuza?

Afande nimemrudisha kwa Anthony. Hana kosa, alifanya alichofundishwa. Chupa nimezibomoa ukutani, na mwezi uliopita fundi amejenga baraza. Ufunguo uko kwa Bi Somoe, umening'inia kwenye msumari wake, kila mtu anauona. Mpaka leo hakijaibiwa hata kijiko.

Nawasihi, hasa ninyi vijana wenzangu mnaojenga. Fungeni milango, wezi wapo. Lakini kabla hujanunua kufuli, jiulize nani atakuja kwako siku usiyomtazamia, na atasimama wapi akikukosa. Na kama una mama anayengoja chumba, mchukue leo, nyumba uimalize naye akiwa ndani. Mimi kile kitambaa cha udongo nimekianika, kimekauka, nimekiweka juu ya godoro lake. Ndicho pekee alichofikisha katika chumba chake...