Maji ya Tatu

Kila siku akitoka shule, Esha alivua sare, akala ugali wa muhogo aliowekewa, akachukua ndoo moja na dumu la lita tano, kisha akateremka bondeni kuchota maji. Ndoo ilikuwa ya nyumbani. Dumu lilikuwa la bata.

Kwa mtu asiyeijua Newala hilo ni jambo dogo. Lakini Newala iko juu, na maji yako chini. Kiangazi bomba la mtaa hukohoa hewa wiki nzima, na anayetaka maji huteremka kwa miguu na kupanda mlima na mzigo kichwani. Kuku na mbuzi watu waliwaelewa. Kufuga bata waliona ni kichekesho.

Esha alipewa bata huyo na shangazi yake aliyeolewa Lulindi, angali kifaranga wa manyoya ya njano. Mama yake alimtazama kifaranga, akamtazama mtoto, akatoa sharti moja: bata hatapata hata kata moja ya maji ya mtungini. Maji yake Esha angeyabeba kwa kichwa chake mwenyewe. Esha, mwenye miaka kumi na miwili, alikubali, na kwa mwaka mzima hakushindwa hata siku moja. Bata akakua, mweusi mwenye mabawa meupe, akaanza kutaga. Karai lake lilifukiwa ardhini chini ya mpapai, na kila jioni liliwekwa maji safi. Esha alijivunia karai hilo kuliko alama zake za hesabu.

Mwaka huo ulikuwa wa kampeni za vyama vingi. Magari ya vipaza sauti yalipita mchana kutwa, na kila mgombea aliitwa mheshimiwa. Mjomba Abdulatifu, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa akiangalia mikorosho ya nyumbani, kwa kuwa baba yake Esha alikuwa Masasi kwenye kazi ya ujenzi. Siku moja alimwona bata akivuka uwanja polepole, kifua mbele, akitupa macho kulia na kushoto. Akasema huyu naye anakuja kuomba kura. Tangu siku hiyo bata akaitwa Mheshimiwa.

Kule bondeni wasichana hawakuacha kumtania Esha.

"Sisi hatujaoga tangu juzi, bata wenu anaogelea," Sophia, jirani yake darasani, alimwambia. "Niandikishe na mimi niwe bata."

"Huwezi. Bata wangu halalamiki, na wewe tangu tuanze kupanda unalia miguu."

Wasichana walicheka, na Sophia naye akacheka.

Nyumbani kwao maji yalihesabiwa. Ya kwanza yalitoa uchafu kwenye vyombo, ya pili yalisuuza, na ya tatu yalikuwa karibu safi kabisa. Hayo ya tatu yalikwenda kwa kuku au kwenye mpapai. Maji ya tatu hayamwagwi, mama alizoea kusema, na watoto wote wawili, Esha na mdogo wake Mussa, walilijua neno hilo kama wanavyojua majina yao.

Jumatano moja Mjomba Abdulatifu alipulizia mikorosho dawa ya wadudu. Zamani dawa ililetwa na chama cha ushirika na bwana shamba alikuja kuwaelekeza watu. Sasa kila mwenye duka aliuza dawa, na hiyo ya mjomba ilikuja ndani ya chupa ya soda isiyo na karatasi yoyote. Aliichanganya katika ndoo ya zamani na kuimimina kwenye bomba la kupulizia la mgongoni. Alipomaliza, alimwagiza Esha aisuuze ndoo mara tatu, maji yote ayamwage katika shimo nyuma ya choo, kisha anawe kwa sabuni. Yeye akaenda kuoga.

Siku hiyo Esha alikuwa amebaki shuleni kucheza rede mpaka jua likateremka. Ndoo ya nyumbani mama alikuwa ameileta mwenyewe asubuhi, lakini dumu la bata lilikuwa kavu. Mheshimiwa alisimama kwenye karai tupu akimtazama.

Esha alisuuza. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa na yalinuka vibaya. Akayamwaga shimoni. Ya pili yalikuwa na ukungu. Nayo akayamwaga. Ya tatu yalionekana safi kabisa. Aliyanusa, hakusikia kitu. Alikumbuka agizo la mjomba, akakumbuka pia neno la mama, na akachagua lile lililomwokolea safari ya bondeni. Akayamimina kwenye karai.

Wakati wa kula mama aliuliza kama bata amepata maji. Esha alijibu kwamba amepata, ya bondeni, ameyachota alipotoka shule. Alisema huku akiangalia sahani.

Asubuhi Mheshimiwa hakutoka bandani. Esha alimkuta amelala ubavu, shingo imepinda, ute unamtoka mdomoni, miguu inatetemeka. Alimbeba mpaka uwanjani na kumwita mama.

Mama alichuchumaa, akamgeuza bata, akamfungua mdomo, akatazama kinyesi chake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza bata amekula nini jana. Esha akasema pumba, kama siku zote. Mama akauliza amekunywa nini.

"Maji ya bondeni, mama."

Jirani aliyechungulia uani alisema huo ni ugonjwa wa kideri, kuku wake watatu wamekufa nao mwezi uliopita, tena hauna dawa. Mjomba Abdulatifu alikubali. Alisema jambo ambalo katika nyumba nyingi za huko lingesemwa.

"Tumuwahi, dada. Akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi. Tukimchinja sasa ni kitoweo."

Mama alimwambia Esha kwamba anajua alivyompenda bata wake, lakini nyama haitupwi kwa sababu ya machozi. Akateka sufuria ya maji kubandika jikoni. Alisema sahani moja atapelekewa bibi, ambaye siku nyingi hajaonja kitoweo.

Esha aliomba wasubiri mpaka jioni, huenda atapona. Mjomba akamjibu kwa upole kwamba jioni watakuwa na mzoga. Mussa, wa miaka sita, alikwisha kukimbia kuokota kuni. Alirudi na vijiti viwili na sahani yake ya bati, akatangaza kwamba paja ni la kwake.

Mjomba alinoa kisu kwenye jiwe. Alimlaza Mheshimiwa kuelekea kibla, akamwambia mpwa wake aje ashike miguu. Esha akashika. Miguu ya bata ilikuwa ya baridi na ilitetemeka mikononi mwake. Moshi wa jikoni ulimpita usoni. Alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine uani pale aliyelijua, na alijua pia kwamba akilisema, mwaka wake wote wa kubeba dumu utaonekana uongo. Sufuria ilianza kuimba. Mussa alikaa kitako, sahani magotini, akimtazama dada yake kwa furaha.

Mjomba akaweka mkono shingoni mwa bata.

"Mjomba, usichinje," Esha alisema. "Amekunywa maji ya ndoo ya dawa."

Kisu kikasimama.

"Maji gani?"

"Ya tatu. Nilimpa mimi. Bondeni sikwenda jana. Nilidanganya."

Mama alitoka jikoni. Esha aliinamisha kichwa akingoja kofi. Kofi halikuja. Mama alitaka kujua saa ngapi, kiasi gani, na kama maji mengine bado yamo kwenye karai. Esha alijibu kila swali bila kuzunguka. Mama akaipua sufuria. Akawafukuza kuku, akachukua jembe, akaling'oa karai lile na kwenda kulimwaga shimoni, akawaamuru wote wanawe mikono kwa sabuni. Alimnyang'anya Mussa sahani, naye akaanza kulia kwa sababu ya paja. Mama akamwambia alie tu, kesho atalia akiwa hai.

Kisha akamgeukia Esha.

"Mchukue bata wako umpeleke kwa Bibi Mifugo. Mwambie kama ulivyotwambia sisi. Usipunguze neno."

Bibi Mifugo jina lake hasa lilikuwa Ida. Watu wazima walimwita Mama Reginald. Miaka mingi alikuwa ofisa mifugo wa serikali, akizunguka vijijini kwa baiskeli. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Hakukaa kulalamika. Alifungua duka la dawa za mifugo pale sokoni, na baiskeli ile ile ikaendelea na kazi.

Esha alifika na bata ndani ya kikapu. Shule siku hiyo aliikosa. Mlangoni palikuwa na wateja, na kando yao mama muuza ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ambaye hakuna habari iliyompita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ana nini huyu?"

Ilikuwa rahisi kusema kideri. Wateja wawili walikwisha kulitamka neno hilo. Esha alisema yote, kwa sauti ya kusikika: ndoo, chupa ya soda, maji ya tatu, na uongo wa jana. Mama wa ming'oko aliacha kumenya.

Bibi Ida hakumgombeza. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamwosha bata kwa maji na sabuni, akamchoma sindano moja, akasaga mkaa na kuukoroga katika maji safi, akamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Alipokuwa akifanya hivyo alimweleza Esha kosa lake. Chombo cha mchele kikisuuzwa mara tatu hubaki na wanga. Chombo cha dawa kikisuuzwa mara tatu hubaki na dawa. Jicho halioni, pua haisikii, lakini tumbo linajua.

"Ungeniambia kideri ningekwambia umzike," alisema. "Na kama mngemchinja, leo ningesikia habari za hospitali. Bado hajapona. Anataka maji safi siku nzima, kidogo kidogo, kwa siku nne. Una maji?"

"Nitayaleta," Esha alisema.

Akayaleta. Aliteremka alfajiri kabla ya shule, akateremka tena saa kumi. Alimnywesha Mheshimiwa kwa kijiko, akamhamisha kila jua lilipohamisha kivuli, akamfagilia. Siku ya pili bata hakunyanyua shingo. Mussa aliuliza kama bado kuna tumaini la paja, na mjomba akamkanya. Siku ya tatu, wakati wa kupanda mlima, Esha alihisi dumu limeondoka mkononi. Sophia alikuwa amelichukua.

"Nilete nami maji ya Mheshimiwa," alisema. "Asije akashinda uchaguzi akatusahau."

Mjomba Abdulatifu naye hakukaa bure. Mama alikuwa amemwambia mbele ya wote kwamba mtu mzima hanunui sumu ndani ya chupa ya soda na kumwachia mtoto aisuuze. Mjomba alitoboa ile ndoo ya zamani kitakoni isiweze tena kushika maji ya mtu yeyote, akaizika. Ndoo mpya ya dawa akaipaka rangi nyekundu na kuitundika juu mahali Mussa asipofika. Tangu hapo aliisuuza mwenyewe.

Siku ya nne, Jumapili, Bibi Ida alipita na baiskeli yake akitoka kanisani. Alimkuta Mheshimiwa amesimama. Alisimama kwa kuyumba, lakini kifua kilikuwa mbele kama zamani. Bata alitembea hatua tano, akafika penye karai jipya, akatumbukiza mdomo, akautikisa, akawarushia maji wote waliokuwa karibu. Mussa alipiga makofi akasahau paja lake. Bibi Ida aliwaambia wasile mayai yake mpaka atakapowaruhusu, kisha akamgeukia mama.

"Mama Esha, wengi huja dukani kwangu na mgonjwa na hadithi. Mtoto wako alikuja na mgonjwa na ukweli. Nilitibu kwa sababu nilijua ninachotibu."

Mama aliingia ndani, akatoka ameshika kata imejaa maji. Wote waliona yametoka mtungini, maji ya kunywa ambayo hayajasuuza chombo chochote. Alichuchumaa, yeye aliyeweka sharti kwamba bata hatapata hata kata moja, akayamimina kwenye karai.

"Sikiliza, Esha," alisema. "Ulikuwa mvivu siku moja, na uvivu ukakufundisha kudanganya. Hilo ni kosa, na maji ya wiki hii umeyabeba kwa sababu yake. Lakini ulisema kweli kisu kikiwa mkononi mwa mjomba wako, ulipokuwa na haya kuliko wakati wowote. Mdogo wako yuko hai, bibi yako yuko hai, na mimi niko hai. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema kama hivi. Usingoje kisu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nitalirekebisha neno langu. Maji ya tatu hayamwagwi, ila ya ndoo ya dawa. Hayo yanamwagwa yote."

Jioni hiyo Esha alichukua ndoo na dumu kama kawaida. Alipofika njiani alimsikia mama akimwambia yule jirani uani, kwa sauti ambayo hakujali nani anaisikia, kwamba bata yule ni wa binti yake, na kwamba binti yake akikosea husema kweli.

Esha aliliweka dumu kichwani, ingawa lilikuwa tupu, akateremka nalo akiwa amenyoosha shingo.