Kona ya Mwalimu Syntiche

Treni ya Kabalo iliingia stesheni ya Kalemie saa nne asubuhi, siku mbili baada ya siku iliyotangazwa, na hakuna aliyenung'unika kwa sababu kila mtu alikuwa na kazi ya kusukumana. Wachuuzi walipanda kabla abiria hawajashuka. Kuku walipitishwa juu ya vichwa vya watu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Syntiche, kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano kiunoni, blauzi ya mabega yaliyofura, akitafuta bidoni, dumu la mafuta ya mawese, ambayo bibi yake alimtumia kutoka Nyunzu.

Aliikuta kwenye behewa la mwisho, lile lisilo na paa. Ilikuwa imebanwa chini ya gurudumu la gari jekundu, dogo, lililolalia ardhi, lenye namba saba mlangoni.

"Nani aliweka bidoni yangu hapa?" aliuliza kwa ile sauti anayonyamazishia darasa la wanafunzi hamsini.

Kichwa kikachomoza upande wa pili. Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, vumbi la reli limemjaa hadi kwenye kope.

"Hii njo yako? Mama, unisamehe. Jiwe langu lilianguka njiani, na bidoni ilikuwa karibu. Imeshika gari yangu muzuri kuliko jiwe."

"Basi itoe."

"Nikiitoa sasa, gari inaingia ziwani."

"Ziwa liko kule. Hapa itagonga ukuta wa stesheni."

Kijana akacheka, meno meupe katika uso wa vumbi. "Nipe dakika tano tu."

Dakika tano zikawa saa nzima. Wanaume walileta mbao za kuteremshia gari, wakaziegemeza kwenye behewa, na Syntiche, aliyekuwa ameapa kukaa kimya, akashindwa.

"Mukiziweka hivyo mutelemuko ni mukali. Leteni mbao ndefu. Ndefu zaidi!"

Wakamtii. Gari likashuka taratibu kama mgonjwa anayetoka kitandani.

"Wewe ni injinia?" kijana aliuliza.

"Mwalimu wa fizikia."

"Na jina?"

"La nini? Unataka kunishitaki?"

"Nataka kujua nani ameokoa gari yangu. Mimi ni Bertin, fundi wa Kongolo. Nimekuja kwa mashindano."

Mashindano hayo yalikuwa gumzo la mji mzima. Klabu moja ya wapenda magari ilikuwa imepata ruhusa ya kufunga barabara kuu Jumapili moja, baada ya misa. Magari manane ya michezo yangetoka stesheni, yapite barabara kuu, yakate kona ya posta, yarudi kwa njia ya ziwani, mizunguko kumi. Ukuta wa kulinda watu ungekuwa matairi ya zamani na mifuko ya mchanga. Zilibaki wiki mbili.

Siku ile mawese yalifika nyumbani kwa kina Syntiche ndani ya gari la mashindano, na majirani walitoka hadi wenye homa.

Jioni simu ikalia, maana namba alikuwa amemwachia mlangoni.

"Mwalimu, bidoni imefika salama?"

"Ulinishusha mulangoni wewe mwenyewe, Bertin."

"Ndiyo. Lakini nauliza kama imelala muzuri."

Syntiche akacheka, yeye aliyeapa kutocheka na madereva. Kesho yake simu ikalia tena, na keshokutwa. "Mwalimu" ikawa "mupenzi," na hakuna aliyekumbuka ilibadilika siku gani. Alasiri walikaa ufukweni wakila ugali wa bukari na samaki mikebuka wa kukaanga, Bertin akieleza injini, Syntiche akimsahihisha.

"Yule Tony wa gari ya manjano umemuona?" Bertin alisema siku moja. "Anashika usukani sawa vile anaosha sahani."

Syntiche alicheka hadi machozi. Hakusema kwamba Tony ni mdogo wake, tumbo moja. Mara ya kwanza alinyamaza kwa sababu ya kicheko. Mara ya pili, kwa haya. Ya tatu, aliona muda umeshapita.

Ikabaki siku tatu. Bertin alisukuma sahani pembeni, akashusha sauti.

"Sheri wangu, nikuambie kitu. Breki zangu si nzima. Silinda inavuja. Mizunguko mitano ya kwanza hakuna shida, kisha pedali inakwenda mpaka chini. Nimeagiza silinda mupya Lubumbashi, haijafika."

"Na utafanya nini?"

"Nitapunguza mwendo kwa gia. Usiambie muntu."

Akampa mkono, na Syntiche akaushika. Lakini naye akasukuma sahani yake pembeni.

Ijumaa alikwenda kutazama mahali pake. Walimu wengi walikuwa wameombwa kushika bendera za kuonya madereva, naye alipewa kona ya posta. Alikuta kinamama wa samaki wameshajiwekea nafasi, mabeseni yamepangwa nje ya kona, palepale gari lisilo na breki lingekwenda. Hakuhitaji kalamu wala daftari kufanya ile hesabu. Alimpigia Bertin mara nne. Simu ililia bila kupokelewa, kwani ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, na mwenyewe amelala chini ya gari.

Saa kumi Papa Zacharie, mzee mwenye kusimamia komite ya mashindano, aliwakusanya wenye bendera. "Kuna mwenye kujua jambo la hatari? Aseme leo, asiseme Jumapili kwenye kilio."

Syntiche akainua mkono kama mwanafunzi.

Usiku haujaingia, simu yake ikalia.

"Mwalimu." Sauti ilikuwa kavu. Hakusema mupenzi. "Wamenifungia. Nisipotengeneza breki, sikimbii."

"Bertin, nisikilize..."

"Nilikuambia wewe. Sikuambia komite."

"Nilikupigia mara nne! Kuna mama kumi na moja kwenye ile kona."

"Na ndugu yako, ulimupigia mara ngapi?"

"Nani alikuambia?"

"Tony amepita hapa, anacheka. 'Dada yangu amekutoa kabla hatujaanza.' Ndugu yako, Syntiche! Ungeniambia lini? Nikishapanda treni?"

"Ningekuambia. Niliona haya. Lakini breki sikusema kwa ajili ya Tony, nakuapia."

Simu ilikuwa imeshakatika. Alibaki anaipigia pasi blauzi ileile, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi mama yake akamnyang'anya pasi.

Asubuhi alikwenda kwa Tony, akamkuta anang'arisha gari lake la manjano. Lilikuwa la aina moja na la Bertin, toleo moja. Syntiche hakumsalimia.

"Una silinda ya breki ya akiba?"

"Ninayo. Kwa nini?"

"Mupelekee Bertin."

"Dada! Nimupe adui silaha?"

"Gari bila breki njo silaha. Ninakuomba umupe breki."

"Na akinishinda?"

"Utakuwa umeshindwa na dereva. Lakini ukishinda kesho akiwa nje, mji muzima utasema Syntiche njo alishinda, si Tony."

Hilo lilimchoma. Tony alikuna kichwa, akatazama viatu vyake. "Na nilimucheka vibaya," alikiri. Akaingia ndani, akatoka na silinda imefungwa kwenye gazeti. "Nimuambie nini?"

"Ukweli. Na kwamba mimi sikukutuma kumucheka."

Tony alirudi adhuhuri, mikono myeusi hadi viwiko. Walikuwa wameifunga pamoja.

"Alisema nini?" Syntiche aliuliza.

"Alisema nishike spana vizuri."

"Juu yangu?"

"Juu yako alinyamaza."

Jumapili jua lilitoka safi, ziwa likimeta hadi upeo. Watu walijaa kando ya barabara na nguo zao za misa. Syntiche alivaa fulana ya rangi ya machungwa juu ya gauni jeupe, bendera ya manjano mkononi. Alikuwa ameshawarudisha kinamama wa samaki hatua ishirini nyuma. Mama Générose, mkubwa wao, alimtukana kwa Kitabwa, akamtukana kwa Kiholoholo, kisha akahama.

Magari yakaanguruma stesheni, na sauti ikafika kabla ya vumbi. Lile jekundu lilikuwamo! Likapita kona, namba saba, dereva amekaza macho mbele. Hakugeuka. Mzunguko wa pili, hakugeuka. Wa sita ukaja, ule wa pedali kwenda chini, na Syntiche akajikuta anasali kwa sauti. Gari likapunguza, likakata kona vizuri, likaenda.

Mzunguko wa tisa Tony alikuwa mbele, Bertin amemganda mgongoni kama kupe. Kwenye barabara kuu Tony akajitenga kidogo, akaivamia kona kwa pupa. Tairi la mbele likapasuka. Gari la manjano likazunguka mara mbili, likagonga mifuko ya mchanga pale mabeseni yalipokuwa juzi, likasimama limekingama katikati ya barabara. Ndani yake Tony alikuwa anapambana na mkanda.

Syntiche hakufikiri. Alikimbilia mbele akitikisa bendera kwa mikono yote miwili. Gari jekundu lilishatokea, linakuja na mlio wake wote. Akaona pua yake ikiinama. Matairi yakapiga kelele, moshi ukapanda, na gari likasimama hatua tatu kutoka mlango wa Tony.

"Yesu wangu," alisema Mama Générose katika ule ukimya.

Nafasi ya kupita ilikuwapo, nyembamba, kati ya mifuko na mkia wa gari la manjano. Bertin aliiona. Akazima injini. Aliruka nje, akafungua mlango wa Tony kwa nguvu. Wakati huo Papa Hubert wa Moba, mzee aliyekuwa wa tatu tangu asubuhi, akaja polepole na gari lake la kijivu, akaitazama bendera, akapenya pale kwenye nafasi kama mtu anayekwenda kununua mkate, akaenda kushinda mashindano ya Kalemie.

Bertin alivua kofia yake ya dereva.

"Pedali ilikuwa ngumu," alimwambia Syntiche. "Ngumu kabisa. Kama ingekuwa ile ya juzi..." Alimtazama Tony, kisha bendera ya manjano, kisha pale aliposimama mwenye bendera.

Syntiche akamshika mikono. "Basi. Imepita."

"Nilikukasirikia kwa kitu chenye kingetuua. Unisamehe, mupenzi."

"Na mimi nilikuficha ndugu. Haikuwa vizuri. Nilistahili kukasirikiwa kidogo."

"Kidogo tu."

"Kidogo tu, si siku mbili!"

"Jamani," Tony aliita kutoka ndani ya gari, "mutapendana kesho! Huu mukanda unanikaba!"

Kinamama wa samaki ndio walioanza kucheka, na kicheko kikaenda barabara nzima. Tony alipokatiwa mkanda, Bertin akamgeukia Syntiche.

"Papa yako anapatikana nyumbani siku gani?"

"Unamutafutia nini?"

"Nina neno naye."

"Jumamosi," alisema, akianza kuikunja bendera yake.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, Papa Eugène, baba yake Syntiche na mstaafu wa reli, alikaa sebuleni kwake na koti lake la heshima. Mbele yake alikaa Bertin, shati jeupe limefungwa hadi kooni, na Papa Zacharie aliyekuja kumsemea. Sakafuni palikuwa na kreti mbili za bia na limonadi, hazijaguswa.

"Kijana," alisema Papa Eugène, "wewe ni wa Kongolo. Binti yangu anafundisha hapa. Nani atahama?"

"Mimi, Papa. Nimepata kiwanja cha gereji karibu na mto Lukuga. Nitafanya kazi na Tony."

"Na Tony? Mungu akusaidie."

Wageni wakacheka, Tony pia. Kisha mzee akainua mkono, nyumba ikanyamaza, na Syntiche akaitwa kutoka chumbani. Shangazi yake Martine alikuwa amemfunza vizuri. Asimame ameinamisha kichwa, ahesabu moyoni hadi kumi, ndipo ajibu, watu wasije wakasema ana haraka.

"Mutoto wangu," alisema Papa Eugène, "hawa watu wameleta vinywaji. Ukikataa, watavibeba kurudi navyo, na hatutawachukia. Mimi siwezi kufungua chupa kabla ya kusikia sauti yako. Tunywe, ao tusinywe?"

Syntiche aliinamisha kichwa. Alihesabu hadi tatu.

"Munywe, Papa," alisema. "Munywe zote."