Mikanda Sita Kinamasini

Mpiga picha hakuwa na dira. Hakuwa na koti la mvua, hakuwa na tochi, na simu yake aliiacha garini ili isimsumbue kazini. Hakuwa hata na filamu nzima: mikanda sita ya picha nyeusi na nyeupe aliyoibeba ilikuwa imepitwa na muda kwa miaka kumi na minane. Alichokuwa nacho ni shemeji yake, fundi wa magari, aliyekuja kwa amri ya mkewe: "Usimwache kaka yangu aende peke yake."

Nyanda zile za juu hazikuwa na mti hata mmoja. Ni nyasi ngumu, mawe meusi, na tope lililofunikwa na majani laini yanayodanganya mguu. Kufikia saa nane mchana mikanda mitatu ilikuwa imejaa picha. Hapo ukungu ukaanza kuteremka kilimani.

"Shemeji, tuondoke," fundi alisema. "Ule haujaja kututazama."

"Moja tu. Nikihesabu usinisemeshe."

Filamu kuukuu hula mwanga polepole, kama mzee asiye na meno. Hii ingetaka sekunde tisini. Alisimamisha stendi ya kamera juu ya jiwe, akafungua jicho la kamera, akasimama kando kwenye majani laini. Alipofika arobaini, baridi ilimshika vifundoni. Sitini, ikapanda miguuni. Tangu ujana wake studio alijizoeza kutotikisika kamera ikiwa wazi, na hakutikisika. Alipomaliza tisini alifunga, akataka kugeuka, miguu ikakataa. Tope lilikuwa limemfika magotini.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "nimekwama."

Fundi alilala kifudifudi, akamsukumia stendi. "Shika. Lala chali. Acha mateke, unajichimbia."

Ilichukua nusu saa. Alitoka kidogo kidogo kama gari linalovutwa mtaroni, bila kiatu kimoja. Fundi alikata mkono wa sweta lake akamvisha mguuni.

Ukungu sasa ulikuwa umewafunika. Hawakuona zaidi ya hatua kumi. Walitembea, wakatembea, kisha wakasimama. Mbele yao palikuwa na shimo la tope linalotoa mapovu, na alama ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Tumezunguka," alisema mpiga picha.

"Saa kumi hii. Giza likitukuta na nguo mbichi, tutakuja kubebwa." Fundi alinyonya kidole, akakiinua. "Asubuhi upepo ulitupiga usoni. Sasa utupige mgongoni. Ila unakatikakatika. Tungekuwa na alama za kutunyoosha." Akaanza kufungua vifungo vya shati. "Nitalichana hili."

"Vaa shati lako," mpiga picha alisema. Akavunja kopo la filamu, akavuta mkanda wote nje, ukang'aa. "Kata vipande vitatu."

Walifunga kipande kwenye nyasi. Mmoja alisimama pale, mwingine akasonga mpaka karibu apotee.

"Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema, huendi harusini. Hapo."

Wakafunga kingine, wakasonga. Mara mbili tope liliwafungia mbele, wakarudi kwa kufuata vile vipande, wakaanza upande mwingine. Mikanda miwili mitupu ikaisha. Ikaisha na ile mitatu ya kazi ya mchana. Mguu wenye mkono wa sweta ulikuwa hausikii tena kitu.

"Umebaki wa kwenye kamera," fundi alisema. "Wenye ile tisini. Tungoje kidogo, huenda ukungu…"

"Kata."

Kipande cha pili kilikuwa bado mkononi mwake fundi alipogonga kitu kwa kifua. Akapapasa. Ilikuwa seng'enge, uzio wa barabara. Mafundi hawabusu waya, lakini huyu aliubusu. Waliufuata kwa mikono hadi kwenye gari, wakawasha hita, wakacheka mpaka vioo vikafanya ukungu wake.

Siku ya pili, fundi akiwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji moto, mkewe alipiga simu kutoka mji alikofanyia kazi. Alikuwa amesikia walivyopotea, na maneno yake makali yalisikika chumba kizima.

"Ni mimi niliyepoteza njia, mke wangu," fundi alijibu. "Kaka yako ndiye aliyetutoa."

Mpiga picha alitazama beseni. Tangu utotoni hakuwahi kumwambia dada yake neno "nimekosa", na kwa simu asingeruhusiwa kumaliza sentensi. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye meza ya studio akaandika:

"Dada, mumeo amekudanganya kwa heshima yangu. Yeye alisema tuondoke. Mimi nilibaki nikihesabu, naye akalala kwenye tope kunitoa. Nimekosa. Yale maneno uliyompa kwenye simu yalikuwa yangu, nipe mimi."

Akakunja karatasi, akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba. Kisha akachechemea hadi posta, akaitumbukiza kabla hajapata nafasi ya kurekebisha sentensi.