Doa la Sita

"Ha! Ha! Haaa!" Kicheko kilimpokea Kidomo angali ngazini. Akashangaa. Shangazi yake, mtunzaji wa wadudu waliokaushwa pale makumbusho, hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Kila alasiri Kidomo alipotoka shule alimkuta kimya, lenzi jichoni.

"Njoo uone maajabu!" Shangazi alimsogezea kisanduku chenye nondo. "Mwili mwekundu, papasi za kichwani kama unyoya. Mabawa ya mbele meusi yenye mstari mweupe, ya nyuma rangi ya chungwa. Mpaka hapo ni yuleyule wa kitabuni. Bawa la nyuma la kushoto liliumwa na mjusi, lakini hebu hesabu madoa ya hili la kulia."

"Sita," Kidomo alijibu.

"Kitabu kinasema matano! Huenda huyu ni nondo asiyejulikana. Nimewaandikia wataalamu, tarishi anakuja kuchukua barua sasa hivi. Mbona kimya, Kidomo? Leo umemeza kufuli?"

Jana, shangazi alipotoka kidogo, Kidomo alikifungua kisanduku na kuligusa bawa. Unga wa rangi ulibaki kidoleni, na bawani pakatokea kipara. Akakiziba kwa nukta ya wino mweusi.

Hatua za tarishi zilisikika ukumbini. Akinyamaza, barua itakwenda, na shangazi atachekwa na wenzake.

"Hodi!"

"Usiitoe, shangazi!" Kidomo aliropoka, machozi yakimlenga. "Doa la sita nimelichora mimi."

Shangazi aliinamia lenzi kwa muda mrefu. Alipoinuka, furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Rudi tu, kaka," alimwambia tarishi. "Leo hakuna barua." Akaichana vipande viwili.

"Nisamehe, shangazi."

"Hata mimi nina kosa. Wino unang'aa, lakini furaha ilinipofusha." Akaandika kwenye kibandiko cha kisanduku: *Doa la sita ni wino.* "Sikiliza, mwanangu. Unga wa bawa haurudi, na hilo lingenisikitisha siku moja tu. Lakini kosa ukilipaka rangi, unawapoteza hata wasiokujua. Kosa huponywa kwa kusemwa."

Kidomo alijifuta machozi, akamtazama usoni.

"Nakuahidi, shangazi. Nikiharibu kitu tena, utasikia kutoka kwangu kabla hujakiona."