Nguzo Zionekane Kabla ya Udongo

Kila alfajiri Sikuzani alishuka bondeni kuteka maji, kama wanawake wote wa Chilangala. Juu kwenye uwanda hapakuwa na kisima, na njia ya kurudi ilikuwa kali. Asubuhi ile moyo wake ulikuwa nyumbani. Mwanawe Dadi alikuwa amelala mkekani, mguu umefungwa vijiti.

Ni shule iliyomvunja. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala, walitaka shule. Wanaume walikata miti ya mpingo, wanawake wakapandisha maji ya kukandika udongo. Jumbe Nurdini, mkuu wa kijiji, ndiye aliyesimamia. Masika ilipoanza, ukuta ulianguka, watoto wakiwa ndani.

Katikati ya mwinuko Sikuzani alikutana na jirani yake Magdalena. Magdalena alikuwa amekwisha kufikisha mtungi wake nyumbani, akashuka tena kumpokea.

"Nipe huo, Mama Dadi. Wewe hukulala."

"Nilale vipi? Jumbe anasema tujenge upya. Bwana Mkubwa wa Lindi, yule Mdachi, anakuja kuitazama. Mwanangu ataingia tena mle, Mama Stefano! Tena mle!"

"Nguzo iliyovunjika uliiona?"

"Niliiona. Ndani ilikuwa unga mtupu. Mchwa wameimaliza."

"Basi. Mti laini huliwa upesi. Mpingo mchwa hawauwezi. Lakini ukuta ukishakandikwa, utajuaje kilichomo ndani? Kwetu Masasi, tulipojenga shule, watu wote waliitwa kutazama nguzo kabla ya udongo. Mwenye neno alilisema pale pale."

"Na hapa nani aliitwa?"

"Nani! Akida alikuja ukuta umekauka. Akausifu, akala kuku, akaenda zake."

Sikuzani alicheka, lakini kwa hasira.

Nguzo mpya ziliposimamishwa, wanawake walifika na mitungi. Sikuzani aliutua wake. Akachukua panga, akachanja nguzo ya kwanza. Nyeupe, laini kama muhogo. Akachanja ya pili. Vile vile.

"Mnangoja nini?" jumbe alifoka. "Mwageni maji!"

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Mwageni!"

"Mpingo waliokata waume zetu uko wapi?"

Wote walijua. Ghala jipya la jumbe lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba yake, juu ya nguzo nyeusi za mpingo. Tangu vita watu walikuwa wamejifunza kunyamaza. Walikuwa wameona ndugu zao wakifungwa kamba shingoni.

"Unataka kiboko, mwanamke?"

Sikuzani alilichomeka panga ardhini. "Nipige. Mguu wa mwanangu umevunjika ili mihogo yako ikae pakavu! Hatukandiki tusichokiona."

Magdalena aliutua mtungi wake kando ya ule wa Sikuzani. Wengine wakafuata. Bila maji hakuna udongo, na bila udongo hakuna ukuta. Jumbe akatuma mtu kumwita akida, aliyekuwa juu ya majumbe wote wa upande ule.

Akida alifika juu ya punda, amekasirika.

"Nani amekataa kazi ya serikali?"

"Shikamoo, bwana akida," alisema Magdalena kwa upole. "Siku ya Bwana Mkubwa mtaingia naye humu ndani?"

"Tutaingia."

"Chini ya nguzo hizi? Zikimwangukia Mdachi kichwani, atafungwa nani?"

Akida alishuka. Akalichukua panga, akachanja nguzo mwenyewe. Alitazama juu, kisha akamtazama jumbe.

"Ghala lako nguzo zake ni za mti gani, Nurdini?"

"Bwana, mihogo yangu..."

"Ling'oe."

Jioni ile mihogo ya jumbe ilikuwa imelala nje, na watu hawakuficha kicheko chao. Nguzo za mpingo zilipochimbiwa, kila mzazi aliingia, akagusa, akachanja. Ndipo maji yakamwagwa.

Masika iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukuta haukutikisika. Dadi alikaa ndani akisoma, mguu umepona ingawa alichechemea.

Habari zilienea. Vijiji vya jirani vikakubaliana: kabla ya kukandika shule, waitwe watu wa kijiji kingine waje kuikagua. Sikuzani aliitwa wa kwanza, katika kijiji cha ng'ambo ya bonde. Jumbe wa huko alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama, wewe umekuja kufanya nini hapa?"

"Kutazama watoto wenu watakaa wapi," Sikuzani alijibu, akaomba panga.