Bakuli Halirudi Tupu

"Umeziloweka kwa muda gani hizo biskuti, shem?"

"Tangu saa mbili asubuhi."

 Fundi, simu sikioni, alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Shemeji, bado upo?"

"Nipo. Yaani tangu saa mbili ziko kwenye maziwa?"

"Ndiyo, nimezitia kwenye beseni zilowe mpaka ndani. Kigae cha ukutani usipokiloweka kinanyonya maji yote ya saruji, kesho kinabanduka. Nikaona na biskuti ni yaleyale."

"Shem, hapo huna biskuti. Una uji."

Fundi akachovya kidole. Kweli, uji mtupu.

Usimcheke sana. Mcheke kidogo tu, maana anastahili. Huyu ni fundi wa vigae wa miaka ishirini, mtu anayeingia kwenye bafu la wenyewe, akainamisha kichwa, akakwambia kona ipi imepinda bila hata kutoa kipimo. Lakini jikoni kwake mwenyewe alikuwa mgeni. Asubuhi hiyo alikuwa ametafuta sukari nusu saa nzima, akaikuta kwenye kopo lililoandikwa SUKARI.

Na leo, Jumamosi, kesho ikiwa sikukuu ya machipuko, ambayo ukoo hula pamoja kwa mama mkwe, alikuwa anahangaika na kile kitamutamu cha tabaka, kile kisichoingia motoni: biskuti chini, krimu juu, matunda, biskuti tena, krimu tena, mpaka bakuli lijae. Mkewe ndiye aliyekuwa akikitengeneza kila mwaka. Mwaka huu mkewe hayupo.

Mkewe ni mwalimu wa darasa la pili, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Ilikuwa wiki ya tano tangu arudi kwa mama yake. Alhamisi ndipo alipotuma ujumbe:

"Jumapili ukija kwa mama niletee bakuli langu la kioo. Ndicho kitu changu cha mwisho hapo."

Fundi aliusoma akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya watu, mwiko mkononi. Akausoma tena. Hakusoma sana, lakini hilo alilielewa vizuri: bakuli likishatoka, na ndoa imetoka.

Kosa lake alilijua. Siku walipokuwa na wageni wa ukweni, mjomba wa Mwalimu, mtu wa kupenda vitamu kama nzi, alikula vipande vitatu vya kitamutamu hicho akasema, "Mwanangu, mikono yako ibarikiwe!" Fundi, na mdomo wake, akadakia, "Mikono ya nini, mjomba? Hapo hajapika kitu. Kapanga biskuti tu, hata mtoto anaweza." Wageni wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Siku ya tatu akafunga begi.

"Yaani unaondoka kwa neno moja?" Fundi alimuuliza mlangoni.

"Si neno moja," Mwalimu alimjibu. "Ni la mwisho tu. Miaka tisa, baba. Kuna siku umeniambia asante?"

Fundi alifikiri. Alifikiri sana, mpaka teksi ikaja, ikaondoka.

Kwa hiyo ujumbe ulipoingia, kitu kimoja kilimjia kichwani, alichofundishwa na marehemu mama yake tangu mdogo: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Akampigia shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, akamwomba amwelekeze.

"Sasa nifanyeje, shemeji?"

"Ngoja kidogo." Sauti ikazibwa, kama mtu aliyefunika simu kwa kiganja. Halafu ikarudi. "Mwaga huo uji. Chukua pakiti nyingine. Chovya biskuti, hesabu moja, mbili, toa. Usifike tatu."

"Moja, mbili, toa. Sawa. Na krimu?"

"Krimu ichape mpaka isimame. Mashine ya kukorogea iko kabati la juu kulia."

"Unajuaje ilipo? Hata mimi sijui."

Sauti ikazibwa tena, halafu ikarudi.

"Nimekisia, shem."

Mashine ilikuwapo, lakini waya wake ulikuwa umekatika. Fundi ni fundi. Dakika tatu hazikupita, shemeji akaanza kupiga kelele simuni.

"Shem! Huo mngurumo ni wa nini?"

"Drili! Nimefunga vile vyuma vya kukorogea kwenye drili!"

"Mungu wangu! Zima! Zima hiyo!"

Alipozima, nusu ya krimu ilikuwa ukutani. Nusu iliyobaki bakulini ilikuwa imejitenga, mabonge ya njano yakielea kwenye maji.

"Imekuwaje?" shemeji akauliza.

"Imekuwa siagi. Nyingine iko ukutani."

Kikasikika kicheko, kikakatwa ghafla. Fundi akaketi kwenye kigoda, krimu kwenye nyusi.

"Shemeji, nikuulize kitu. Dada yako huwa anatumia saa ngapi kwa hiki kitu?"

"Asubuhi nzima. Akishamaliza kusahihisha madaftari."

"Na mimi huwa niko wapi?"

"Unalala, shem. Jumamosi si siku yako ya kulala?"

Akafuta nyusi. Halafu akavaa viatu akaenda dukani. Muuzaji alipomwona mara ya tatu asubuhi hiyo, akamuuliza, "Fundi, una harusi?"

"Naomba nisiwe na talaka," Fundi akamjibu, akachukua krimu na pakiti mbili za biskuti.

Aliporudi alimpigia tena shemeji, na safari hii alichapa kwa mkono, kwa uma, mpaka bega likawaka moto. Krimu ikasimama. Akaanza kupanga. Na hapo, ndugu yangu, mtu akarudi kwenye kazi yake. Alianzia katikati ya bakuli, ili vipande vya kukata viangukie pembeni. Safu ya pili akaipanga kwa kupishana na ya kwanza. Kati ya biskuti na biskuti alichomeka vijiti vya kuchokolea meno ili nafasi zilingane, akavitoa kimoja kimoja, akazijaza krimu.

"Shem, mbona kimya? Unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Kama imelala sawa. Pima maji nimeiosha kwa sabuni, usijali."

Kicheko tena, na safari hii hakikukatwa upesi.

"Sasa ikae kwenye friji mpaka kesho," shemeji akasema alipopata pumzi. "Na usiifungue fungue."

"Mpaka kesho? Hata gundi ya vigae haidai hivyo."

"Haya, bishana na friji."

Alipofungua friji ndipo alipokwama. Rafu ya katikati ilikuwa imejaa chupa zake za soda. Akasimama hapo, baridi ikimpiga usoni, na jambo alilolisahau likamrudia. Mwaka wa pili wa ndoa yao. Alitaka soda zake zipoe, akatoa bakuli la Mwalimu akaliweka juu ya meza, akaenda zake. Asubuhi yake krimu ilikuwa imemwagika mpaka sakafuni.  Mwalimu alipiga deki, akaenda dukani, akaanza upya, na mchana wakaenda kwa mama mkwe na bakuli limejaa. Fundi alikula vipande viwili siku ile.

Alizitoa chupa zote, akaliingiza bakuli polepole. Akaona aibu peke yake jikoni. Akachukua simu, akamwandikia mkewe:

"Asante kwa mwaka ule wa soda. Leo ndiyo nimejua ulifanya nini."

Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Jumapili nyumba ya mama mkwe ilikuwa wazi madirisha yote, kwa mara ya kwanza tangu baridi iishe. Meza ndefu sebuleni, viti vya kuazima, watu wakiongea wote kwa pamoja. Mwalimu alimpokea mlangoni kama anavyopokelewa mtu wa mbali.

"Karibu. Habari za huko?"

"Nzuri. Nimeleta bakuli lako."

Alilipokea, na mikono ikashuka kwa uzito. Akatazama kitambaa kilicholifunika.

"Nilisema bakuli tu."

"Ndilo hilo."

Hakuuliza zaidi. Akalipeleka jikoni.

Watu wakala, wakashiba, na bakuli likaletwa. Mama mkwe akakata mwenyewe. Mjomba akatia kijiko cha kwanza, akafumba macho.

"Mwalimu! Mwaka huu umejipita!"

"Si mimi, mjomba."

"Nani basi?"

"Muulize mwenye kulileta."

Meza nzima ikageuka. Binamu mmoja akacheka, "Huyo kanunua!"

Fundi akasimama. 

"Sikununua. Nimetengeneza mimi. Naomba mnisikilize, maana nilipokosea mlikuwapo. Nilisema mbele yenu kwamba mke wangu hapiki kitu, anapanga biskuti tu, hata mtoto anaweza. Mimi ni mtu mzima, na nimeharibu mara mbili. Nimepata uji, nikapata siagi. Bega hili hadi sasa halinyanyuki. Mwenzangu amefanya hivi miaka tisa, kwa ajili yenu na kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nakula tu." Akamgeukia. "Na si hiki peke yake. Chakula, nguo, nyumba kuwa nyumba. Asante, mke wangu. Najua imechelewa."

Hakuna aliyecheka. Hata mjomba alishusha kijiko.

"Drili umeiosha?" Mwalimu akauliza.

"Nimei..." Fundi akakoma. "Drili umeijulia wapi?"

 Fundi akamtazama shemeji. Shemeji akawa anaangalia dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

"Mlikuwa pamoja?"

"Mimi najua kutengeneza hicho kitu, shem?" shemeji akapasuka. "Sijawahi! Kila ulichouliza nilimuuliza yeye. Alikuwa hapohapo pembeni yangu, kajifunika mto usoni kwa kucheka. Mpaka ulipotuma ule wa soda. Hapo akalia."

"Wewe!" Mwalimu akamfinya.

"Krimu ni nzito kidogo," mama mkwe akasema, akijikatia kipande cha pili. "Lakini jamani, mistari imenyooka!"

Kicheko kikaipasua nyumba. Bakuli likazunguka mpaka mwisho wa meza, na lilipomfikia Fundi halikuwa na kitu. Hakulalamika.

Jioni watu walipoanza kuaga, Fundi alisimama nje penye gari lake, funguo mkononi. Alikuwa amesema yote. Kama haikutosha, basi haikutosha.

Mwalimu akatoka. Begi begani, bakuli la kioo mikononi, kitambaa juu yake.

"Bakuli lako nimelirudisha," Fundi akasema taratibu.

"Nimeliona. Mama yako alikufundisha nini kuhusu chombo cha mtu?"

"Hakirudishwi kitupu."

Mwalimu akafunua kitambaa. Ndani, bakuli limeshaoshwa likang'aa, na upande mmoja kulikuwa na kipande kimoja, tabaka zake zote zimesimama.

"Mjomba alikitaka, nikakificha. Hukupata hata kijiko. Hiki tutakula nyumbani."

Fundi alisikia kila neno, lakini moja ndilo lililomfika.

"Tutakula?"

"Wewe na mimi. Na ukuta wa jikoni utaufuta wewe."

"Asante," Fundi akasema, na safari hii lilitoka lenyewe. Macho yakamjaa machozi, akajifanya anatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake.

Mwalimu akaketi kiti cha mbele, akalipakata bakuli.

"Endesha polepole, baba. Kisije kikapinda."

Fundi akawasha gari.

"Hakipindi," akasema. "Nimekipima."